Mikono ya Nyapara

"Sijaelewa," nikasema.

Profesa Mbonea alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Meneja Kilumanga aliangalia dari. Dokta Nyamizi peke yake ndiye aliyetabasamu, maana alishakaa na wasikilizaji wengine kabla yangu, na alijua kwamba mtu akisema hajaelewa hatafuti ugomvi.

"Umekwama wapi, Tusekile?"

"Hapo mnaposema hofu inahama. Mzigo unahama. Kuku anahama. Hofu inahamaje?"

"Kuku!" Kilumanga akacheka. "Profesa, litie hilo kwenye kitabu chako."

"Mwache aulize. Hata wewe juzi hukuelewa, ila ulitikisa kichwa."

Dokta Nyamizi alinisogezea mikanda miwili mezani, mmoja mweupe na mmoja mweusi, myembamba kama kamba za viatu. Ni ya kuvaa kichwani. "Umewahi kuona mtoto akinyamazishwa kwa kuzibwa mdomo?"

"Nimeona."

"Kilio kinaisha?"

"Kinangoja. Akija kulia baadaye analia mpaka anatapika."

"Basi hofu nayo ni hivyo. Zamani kidogo tulipata namna ya kuizima kwenye ubongo, kwa huu mweupe. Mtu anaingia handakini ametulia kama yuko kanisani. Lakini akifika nyumbani inamrudia maradufu, kwa sababu mwili haukuimaliza. Lazima kuwe na mwili wa kuimaliza. Sasa huu mweusi ni wa mbebaji. Wenye myeupe hawaogopi. Mwili wa mbebaji unaogopa kwa niaba yao, unamaliza, nao wanakwenda kulala."

"Na mbebaji, yeye halali?"

"Analala. Hofu inayomfikia haina mawazo ndani yake. Haoni mlima ukimwangukia, haoni kitu. Inapita mwilini tu, kichwa kinabaki safi. Sharti ni moja: mweusi hauvuliwi wa kwanza. Ukivuliwa wenzake wakiwa bado wamevaa, hofu ya wote inawarudia kwa mkupuo."

"Hapo nimeelewa," nikasema, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Kazi yangu ndiyo hiyo. Sheria ya Mazungumzo inasema hakuna kitu kipya kitakachovishwa mwili wa mfanyakazi, zaidi ya kipindi kifupi cha majaribio, mpaka wataalamu watatu wakizungumze mbele ya mtu mmoja aliyeishia shule ya msingi, mpaka mtu huyo aelewe. Kukubali au kukataa hakumhusu. Akishaelewa, anasimama mbele ya wenye miili yao, anawasimulia kwa maneno yake mwenyewe, halafu wao wananyoosha mikono. Siku hiyo wataalamu hawafungui kinywa. Sheria ilitungwa baada ya miaka ile ambayo wasomi walizungumza wao kwa wao, na sisi tukaja kuona matokeo kwenye miili yetu.

Masika yaliyopita handaki la pili la Kituo cha Mvuke cha Ikama lilifunika watu. Waliotoka hai hawakutaka kurudi chini. Mume wangu Ipyana alitoka kucha zimeng'oka, na tangu siku hiyo akawa analala ameketi, mgongo ukutani, anatetemeka mpaka ukuta wa mbao unagonga. Kilipoanza kipindi cha majaribio akavaa mkanda mweupe. Akalala chali. Akaanza kumrusha juu mtoto wetu Atu na kumdaka. Nalisema mapema lisije likafichika: nilitaka mikanda ile ipite.

"Tumwite mbebaji sasa," alisema Dokta. "Tumsikie Nyapara."

Nyapara ni baba yake Ipyana. Jina lake silitaji, wala hapa sitaliandika. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Tukikaribia kukutana njiani, mimi naingia migombani mpaka apite. Mjini wengi wameacha, nyumba yetu haijaacha. Tangu niolewe nilikuwa nimeijua miguu yake na kikohozi chake, basi.

Niliposikia fimbo yake ukumbini nikanyanyuka, nikaingia nyuma ya pazia la pale wanapochemshia chai.

"Anakwenda wapi?" Profesa aliuliza.

"Mkwewe huyo," alisema Kilumanga.

"Lakini ndiye msikilizaji!"

"Sheria inasema asikie. Pazia halizibi masikio. Au nasema uongo, mama Atu?"

"Nasikia," nilijibu nikiwa kule nyuma.

Walimuuliza, akajibu, na sauti yake ilikuwa imetulia kama ya mtu anayehesabu mbegu. Usingizi? Analala. Chakula? Anakula. Anaogopa? "Siogopi kitu. Nakaa pale chumbani, zamu inakwisha, nakwenda kwangu." Kuna linalomsumbua mwilini? "Uzee."

Kisha pakawa kimya kwa muda, kama watu wanaongoja jambo. Nikadhani wanaandika.

"Msikilizaji, una swali?" akauliza Dokta.

Nikasema sina.

*

Kila Jumapili mama mkwe huniletea kibuyu cha maziwa. Jumapili ile alikuja mikono mitupu, akaketi kwenye mkeka, akakunja khanga magotini.

"Ng'ombe hawakamuliki," alisema kabla sijauliza. "Baba yenu akiingia zizini wanakata kamba. Hata yule mwekundu aliyemlea kwa mkono wake baada ya mama yake kufa. Juzi kampiga teke."

"Wana nini?"

"Wanamnusa. Mimi ndiye ninayemfulia mashati, mwanangu. Jasho la jembe nalijua, na jasho la homa nalijua. Hili silo. Ng'ombe akifikishwa machinjioni, akasikia wenzake waliotangulia, hutoa harufu hiyo. Ndiyo iliyo kwenye mashati ya mume wangu."

"Mwenyewe anasemaje?"

"Anasema hana neno. Wala hanidanganyi, akidanganya namjua, sikio lake la kushoto hucheza. Anasema hana neno huku mimi namshikia kikombe anywe uji." Akanitazama. "Wewe si ulikuwa naye ukumbini? Ulimwonaje?"

"Sikumwona, mama. Nilikaa nyuma ya pazia."

Alikunjua khanga, akaikunja tena.

"Ulifanya vizuri," akasema mwishowe. "Ndivyo nilivyokufundisha." Akawa anauvuta uzi uliochomoza kwenye mkeka. "Nilikufundisha mimi, kwa mdomo wangu huu."

Uani Ipyana alikuwa anacheka. Alikuwa amemfunga Atu mgongoni na anakimbia akijifanya punda, na mtoto anampiga makofi ya shingo. Mama mkwe aligeuza uso akamsikiliza mwanawe. Sijui kama alikuwa anafurahi au analia, na sikumuuliza.

*

Jumatatu niliwakuta wameshaketi. Sikuketi.

"Mliiona mikono yake?"

Profesa Mbonea alivua miwani, lakini safari hii hakuifuta. "Niliiona. Kwanza nikasema ni uzee. Halafu nikasema Tusekile atauliza."

"Dokta?"

"Mimi niliiona na nilijua ni nini," alisema Dokta Nyamizi. "Mwili wa mtu mmoja unaogopa kwa zamu nzima. Lazima uonyeshe mahali fulani. Sikujua tu kama mtetemeko utakuwa mkubwa kiasi kile."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, yangekuwa maoni ya mtaalamu, na angetafutwa mtaalamu mwingine wa kuyapinga. Ungeuliza wewe, lingeingia kwenye simulizi yako na lisingetoka. Nikakungojea." Alizungumza polepole, kama anayejisomea hukumu. "Ninafundisha jambo hili hili darasani, Tusekile. Watu wamesimama ukingoni, mtu anazama, na kila mmoja anasema moyoni kwamba yule mwenye kazi ya kuokoa bila shaka ameshaona."

"Na mwenye kazi yuko nyuma ya pazia la chai," alisema Kilumanga. Hakucheka. Aliinamia meza, mikono ameikunja. "Sasa nisikilizeni na mimi, mnione mbaya baadaye. Mabomba ya chini yasiposafishwa, mvuke unakata. Ukikata, hospitali ya bonde zima inawasha mishumaa. Kusafisha ni lazima watu washuke. Watu hawashuki. Huyu mzee sikumfuata mimi, alikuja mwenyewe mlangoni kwangu akaomba. Mwili mmoja uliokubali, na upande wa pili zamu nzima isiyopata usingizi, mumeo akiwemo. Mama Atu, niambie. Ungekuwa wewe ndiye kiongozi hapa, ungefanyaje?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini mimi sina ruhusa ya kutojua."

Nikamwamini. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Angekuwa mkatili ningekwenda nyumbani nimeshaamua.

"Sema umeelewa, tumalize," aliniambia kwa upole.

"Bado. Kuna mtu sijamwona."

*

Chumba cha mbebaji kipo mwisho wa ukumbi, kina kiti kimoja na dirisha linalotazama mlima Rungwe. Kabla sijafungua mlango nilisikia karatasi zinachakarika, kama panya yuko kwenye majani makavu. Nikaingia, nikapiga magoti, macho sakafuni.

Karatasi zikaanguka. Lilikuwa gazeti.

"Nani?" Akavuta hewa. "Mkamwana. Rudi nje."

"Nimekuja kazini, baba."

Lilikuwa neno langu la kwanza kwake. Nilisikia kiti kinageuzwa kuelekea ukutani.

"Umeshanitazama?"

"Bado. Natazama sakafu."

"Toka ukiwa bado. Una mtoto wewe. Unataka mwiko umfanye nini?"

Niliogopa. Niliogopa kama mtu asiye na mkanda wowote. Nikainua macho.

Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba Ipyana amefanana naye. Shingo ilikuwa ile ile, mabega yale yale, na alipogeuka kuona kwa nini niko kimya, uso ulikuwa wa mume wangu uliosubiri miaka mingi. Ulikuwa umetulia. Chini ya uso huo kulikuwa na mwili wa mtu mwingine. Shati lilikuwa limelowa mpaka kiunoni. Magoti yalikuwa yanagongana. Mikono ilikuwa inaruka mapajani kama samaki waliotupwa nchi kavu, yeye haitazami, kana kwamba ni ya jirani.

Akaangalia pembeni. Nami nikashusha macho, nikayainua tena, kwa sababu ndicho kilichonileta.

"Inauma, baba?"

"Sisikii kitu. Wameshakuambia."

"Wameniambia. Kwa nini uliomba?"

Chini zamu ilikuwa inaingia, nadhani, kwa sababu kisigino chake kilianza kupiga sakafu.

"Siku ile mlima ulinguruma," alisema kwa sauti ile ile ya kuhesabu mbegu. "Vijana wakaniambia, Nyapara, tutoke. Wote walikuwa wanaogopa, niliwaona. Mimi nikasema songeni mbele, hofu haichimbi handaki. Nilikuwa na sifa hiyo, ya kutoogopa. Ndiyo iliyonipa unyapara." Akafuta jasho kwa mkono usiotaka kufika usoni, ukakosea, ukapiga sikio. "Hofu yao niliikataa siku ile. Sasa naipokea. Usininyime hilo."

Nilitaka kumpa. Niliiona nyumba yangu: Ipyana chali kitandani, Atu anacheka, ukuta haugongi. Neno moja tu kutoka kwangu.

"Baba, hofu yao ikija kwako, inakuambia kitu? Inakuambia tutoke?"

"Haisemi. Inapita tu."

"Na wao kule chini hawaisikii."

"Hawaisikii. Wanaimba."

"Mlima ukinguruma tena, nani atasema tutoke?"

Kisigino kilikuwa kinapiga. Nilimsikia anavuta pumzi kama mtu atakaye kusema, kisha anaiachia.

"Sema umeelewa, mwanangu," akasema hatimaye, na hapo tu sauti ilishuka kidogo.

"Nimeelewa, baba. Jumatano nitawasimulia. Nataka ukae nje, mbele ya watu, mahali ninapokuona."

"Mkwe amkodolee macho mkwe, uwanjani? Watu watasema nini?"

"Watasema."

*

Jumatano mchana zamu zote zilikusanyika uwanjani, mbele ya mdomo wa handaki. Kilumanga alikuwa ameagiza kila mtu avae mkanda, ili mkutano uwe na utulivu. Utulivu ulikuwepo. Wanaume waliketi kwenye nyasi wamenyoosha miguu, mikanda myeupe inang'aa juani.

"Msikilizaji, fupisha!" mmoja alipaza sauti. "Wali unapoa!"

"Wewe hata ukipoa utakula na sufuria," alijibiwa, wakacheka.

Ipyana alikuwa safu ya tatu. Aliniinulia mkono. Baba yake aliketi kwenye benchi kando yangu, blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali. Mama mkwe alisimama nyuma ya benchi. Wanawake waliokuwepo waliniona nimesimama karibu vile na mkwe wangu, wakaguna. Nikawaacha wagune.

Nikaanza. Niliwaeleza habari ya mtoto anayezibwa mdomo. Niliwaeleza mweupe unafanya nini na mweusi unafanya nini, na wakawa wanatikisa vichwa, wamenielewa. Nikawaambia kwamba ng'ombe wa Nyapara wanakata kamba wakimnusa. Nikawaambia nilichokiona chumbani.

Walisikiliza vizuri. Walisikiliza kama watu wanaosomewa utabiri wa mvua ya wilaya nyingine. Hakuna uso uliobadilika.

Blanketi likaanza kutikisika.

Nilipotaja shati lililolowa, blanketi likaanguka. Nilipotaja siku mlima uliponguruma, miguu yake ikaanza kupiga ardhi, yote miwili, vumbi likapanda. Meno yakawa yanagongana. Mama mkwe alimshika mabega akawa anatikisika pamoja naye. Nami nikatazama zile nyuso tulivu, nikatazama ule mwili, nikaona ninachokifanya. Kila neno langu lilikuwa linapita juu ya vichwa vyao na kumwangukia yeye. Watu wale hawakuwa na roho mbaya. Walikuwa wanamwonea uchungu, na yeye ndiye aliyekuwa anaubeba.

Nikanyamaza.

"Endelea, Msikilizaji," Kilumanga alinong'ona.

"Siwezi kusimulia hivi," nikasema kwa sauti ya wote. "Vueni mikanda."

"Kwa nini?" aliuliza yule wa wali, kwa utulivu kabisa.

"Kwa sababu mimi nasema na ninyi, anayesikia ni yeye. Nataka mnisikie ninyi. Mkishanisikia, mnyooshe mikono mnavyotaka. Mkitaka kuivaa tena mtaivaa."

"Mwacheni aendelee tu," alisema Nyapara, sauti imetulia, meno yanagonga. "Mimi sina neno."

Nilimwona Dokta Nyamizi amesimama ukutani, mkono mdomoni. Sheria ilimkataza kusema, lakini haikumkataza kutazama, na alikuwa anatazama.

Wa kwanza kuvua alikuwa mzee wa safu ya mbele. Akaushika mkanda mkononi, akamtazama Nyapara, na nikaona uso wake unavunjika. Wa pili. Kisha wengi pamoja. Mmoja akainuka akataka kukimbia, wenzake wakamshika. Yule wa wali alijifunika uso kwa kofia. Minong'ono ikapanda, kisha kwikwi, sauti ambazo Ikama haikuwa imezisikia tangu majaribio yaanze.

Mimi sikuwatazama tena. Nilitazama benchi, huku nikijua watu wote wananiona natazama. Miguu ikatulia. Magoti yakatulia. Mkono wa kushoto ukalala pajani, ukafunguka kama mkono wa mtoto aliyelala.

Mkono wa kulia haukutulia. Ulikuwa unagonga benchi la mbao, haraka haraka, unakatika, unaanza tena. Kugonga huko nilikujua: ndivyo ulivyogonga mgongo wa mume wangu. Nililala karibu nao masika yote, unagonga ukutani, na nilishapapasa gizani nikiutafuta mgongo wenyewe niushike.

Bado mtu mmoja alikuwa amevaa.

Sikugeuka. Sikumwita. Ningemwita angevua kwa ajili yangu, na mwili ni wake. Nilijua anachokitazama: kitanda, usingizi, mtoto akiwa juu hewani. Nikangoja. Watu wakaanza kugeuza shingo kumtafuta, mimi nikaendelea kuutazama mkono. Mama mkwe naye aliutazama. Naye alijua.

Mkono ukagonga, ukakatika, ukagonga mara moja tena.

Ukatulia.

Kule safu ya tatu mtu alilia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyetoka kufukuliwa. Nyapara alikisikia. Akainua mikono yake miwili iliyotulia, akauvua mkanda mweusi, akauweka benchini. Kisha akageuza uso akanitazama machoni, mkwe kwa mkwe, na wala hakuna aliyeguna.

Nikawageukia watu, nikaanza upya, kuanzia kwa ng'ombe.